Mama mkwe amemzuia mwanangu kiziwi mpaka atamke shikamoo

Admin, jina langu libaki kwako, na ukipandisha hii usipunguze maneno yangu hata kama ni makali. Nina miaka 33, nasuka nywele hapa mjini, Pasiansi, nimeolewa na mwanaume wa Misungwi na mimi mwenyewe ni Mhaya. Nalitaja kabila langu mapema kwa sababu kwenye ugomvi huu linatajwa kila siku. Tuna mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, hapa nitamwita Koku. Koku ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akapona, lakini masikio hayakurudi.

Walimu mliomo humu, na nyie nawasema. Alipofika umri wa shule nilimpeleka shule ya msingi ya karibu. Mwalimu mkuu akanipokea vizuri, akasema atakaa mbele. Kila nilipokwenda kuchungulia nilimkuta yuko nje anafagia, wenzake wanasoma. Mwalimu wa darasa akaniambia hawezi kusimamisha somo kwa ajili ya bubu mmoja, aliyasema hayo huku anatafuna karanga. Nikaenda ofisi ya elimu, leo mhusika yuko semina, kesho yuko likizo. Nyumbani nako mume wangu ananiambia niache kuhangaika, mtoto ataongea akikua, eti hata shangazi yake alichelewa kuongea. Mwisho mteja wangu mmoja, nikiwa namsuka, akanieleza kuhusu shule ya bweni yenye kitengo cha viziwi. Nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri mpaka nikakata tamaa, ndipo nafasi ikapatikana.

Muhula mmoja tu, nikarudishiwa mtoto mwingine. Huyu ambaye zamani akitaka maji alikuwa anagonga sufuria na kulia, sasa ananisimulia kwa mikono kwamba maharage ya shule yana mawe na kwamba rafiki yake anakojoa kitandani. Ananifundisha ishara, nikikosea ananicheka. Nililia kwa furaha na sioni aibu kusema.

Likizo hii baba yake akampeleka Misungwi kumsalimia bibi. Huko kusalimia ndiko kulikoleta balaa. Mnajua kwetu huku, mtoto anapiga magoti, anatoa shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba, ndipo mengine yanafuata. Koku alipiga magoti vizuri, akatoa shikamoo yake kwa mkono kama alivyofundishwa. Bibi hakuitikia. Baba yake akamweleza kwamba hiyo ndiyo salamu yao ya shuleni. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia bibi hakuelewa. Alielewa, akakataa. Akasema hiyo shule inamfundisha mjukuu wake ububu, maana zamani walau alikuwa anajaribu kutoa sauti, na kwamba mtoto atabaki kwake mpaka amsalimie kwa mdomo. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akamwacha mtoto akarudi mjini peke yake.

Nikamfuata mtoto Misungwi. Nilimpigia mama mkwe magoti, nikamwamkia, akaniacha pale chini muda mrefu kabla ya kuitikia. Kisha akaniambia, "Nyie Wahaya mnapenda shule kuliko watoto wenu. Ukoo huu hauna bubu. Siku atakaponipa shikamoo yangu kwa mdomo, njoo umchukue."

Akaagiza mtoto aletwe. Koku alikuja mikono ameificha mgongoni. Nikamsalimia kwa ishara, hakunijibu, akamwangalia bibi yake kwanza. Halafu akafungua mdomo akatoa mlio, anakaza shingo mpaka mishipa inasimama, na machozi yanamtoka. Nilipoivuta mikono yake nikakuta viganja vimevimba. Wifi yangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba akitumia mikono anachapwa hapo hapo kwenye mikono, na chakula hapewi mpaka ajaribu kutamka. Bibi akatabasamu. "Unaona," akasema, "ameanza."

Nilitaka kumbeba pale pale, shemeji zangu wakanizuia. Nikampigia simu mume wangu nikilia, nikamweleza viganja vilivyovimba na chakula anachonyimwa. Akanijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio unaonichefua mpaka leo, "Mama hajakosea. Ukimtoa mtoto pale bila ruhusa yake, usirudi nyumbani kwangu."

Shule imeshafunguliwa. Mwalimu mkuu amenipigia akisema watoto wanaosubiri ni wengi, na mwanangu asiporipoti wiki hii, nafasi anapewa mwingine. Siwezi hata kumlaumu. Na mimi nafasi hiyo niliipata kwa sababu kuna mtoto wa mtu hakurudi, na siku ile sikuuliza kwa nini hakurudi.

Wale wa kuandika "vumilia dada, mama mkwe ni mama", pitieni mbali. Na wale wa kuniambia niende ustawi wa jamii, nilikwenda, wakaniambia tuyamalize kwanza kifamilia. Familia ipi? Hiyo inayomchapa?

Baba Koku, najua unafuata ukurasa huu na umeshajijua. Kesho asubuhi nakwenda Misungwi na kaka zangu, na sanduku la shule la mtoto nimeshalipanga. Ukitaka njoo utuzuie mbele ya mama yako, ukitaka njoo ulibebe hilo sanduku. Mimi shikamoo ya mwanangu nimeshaiitikia.

Nyie wengine, kuhusu mtoto siombi ushauri. Naomba wa ndoa tu. Mwanaume aliyeelezwa habari ya viganja vile akasema mama yake hajakosea, nikishamfikisha mwanangu shuleni, nirudi kulala kitanda kimoja naye?