Kikombe cha Jezi Kumi na Saba

Habari ilinikuta jikoni, mikono imejaa unga. Bosi alisimama mlangoni na simu yake, uso umemshuka, akasema, "Halas, basi tena. Ameenda." Nikajua kuna aliyefariki. Nikaanza kumpa pole zote ninazozijua kwa Kiarabu, na nilikuwa nazijua tatu. Akanikatiza. "Hakuna aliyekufa! Ni Kumi na Saba. Ameenda Jeddah."

Wee! Nikaweka kifimbo cha chapati chini. Afadhali angekuwa amefariki mtu.

Kumi na Saba alikuwa mshambuliaji wetu, na hilo jina tulimpa kwa sababu ya namba ya jezi yake. Ninasema "wetu" ingawa mimi ni mtu wa Nakuru niliyekwenda Riyadh kufanya kazi za nyumba, maana ukikaa na watu wanane na runinga moja mtaa wa Al-Naseem, timu yao inakuwa yako utake usitake. Na timu ya Jeddah ndiyo ile ambayo nyumba yetu haikuitaja bila kusonya.

Lakini mwenye msiba hasa alikuwa mama kabira, mamake bosi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Kila mechi nilikaa naye kwenye zulia, mimi nakunja nguo huku namsimulia. Wajukuu hawakufaa kitu. Wanapiga mayowe tu, hawasemi mpira uko wapi.

Shida ni kwamba Kiarabu changu kilikuwa cha kuosha vyombo. Kona sijui, eneo la hatari sijui. Basi nikaugeuza uwanja kuwa nyumba yetu. Katikati ni sebuleni, pembeni ni korido, mbele ya goli ni jikoni, na goli lenyewe ni friji. "Mama, ametoka sebuleni, yuko korido, amempita mmoja, amempita wa pili, yuko jikoni, mama, yuko jikoni!" Hapo alinikamata kifundo cha mkono akakaza, haachi mpaka nimwambie friji imefunguliwa. Msimu mzima nilitembea na alama za vidole vyake, na sikulalamika. Baba yangu alikuwa akipiga redio teke timu yake ikifungwa. Huu ugonjwa nimeurithi.

Sasa bosi ananiangalia. "Nani atamwambia mama?"

"Wewe ni mtoto wake," nikasema.

"Wewe ndiye msimulizi wake."

Aki ya nani, mwanamume mzima na ndevu zake! Nikajifuta mikono nikaenda. Mama kabira alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe chenye picha ya Kumi na Saba iliyotuna kidogo, zawadi ya wajukuu. Nikamwambia, "Mama, Kumi na Saba ametoka nyumbani."

"Yuko korido?"

"Amepita korido. Amefungua geti. Ameingia kwa jirani."

Akaweka kikombe chini polepole, kisha akakisukuma kwa kidole. "Ondoa." Nikamuuliza nikitupe? "Kiweke panapomfaa." Nikakipeleka chumba cha kufulia, nikakitia vibanio vya nguo. Panapomfaa ndipo nilipokuwa nalala mimi pia, godoro langu kati ya mashine na meza ya pasi, lakini siku hiyo sikuliona hilo.

Siku hiyo nilikuwa na hasira kuliko wenye timu. Nilimtukana yule kijana kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa kile Kiarabu changu. Mchoyo wa fadhila! Amelelewa hapa, amependwa hapa, ameonyeshwa kitu kizuri kidogo tu amebeba begi! "Mimi mtu akinipenda, sibanduki," nikatangaza mbele ya nyumba nzima, kiuno nimeshika. Madam, mke wa bosi, akawageukia watoto wake: "Mnasikia? Huyu ana shukrani." Nikajisikia mtu mkubwa sana.

Kisha timu zikakutana. Mama kabira alikuwa ameapa hatasikiliza, lakini mechi ilipoanza akaniita nilete nguo za kukunja. Hazikuwepo. Nikakunja zilizokunjwa tayari.

Dakika za mwisho, Kumi na Saba akapata mpira. Nikasimulia kwa kusitasita: sebuleni, korido... Jikoni sikufika. Runinga ikapiga kelele, wajukuu wakajitupa chini.

"Friji imefunguliwa?" akauliza mama kabira.

"Imefunguliwa."

"Friji ya nani?"

"Yetu, mama."

"Nani ameifungua?"

Nilitamani kudanganya. Ningemtaja mtu mwingine yeyote, lakini wale watoto walishaanza kumlaani kwa jina. Nikasema ni yeye. Nikaongeza haraka kwamba hakushangilia, kwamba ameinua mikono miwili juu, viganja mbele, kama mtu anayeomba radhi kwa watu wa kwao.

Mama kabira akavua ndara yake akaitupa upande wa runinga. Ikapata birika la kahawa. "Mnafiki! Kama unasikitika, mbona umefunga?"

Tulicheka kwa hilo neno wiki nzima. Bosi akichelewa kurudi akaomba msamaha, anajibiwa hivyo hivyo. Mtoto akivunja sahani, hivyo hivyo.

Halafu ikaja Idi, na dada yake bosi akaja kutoka Jeddah, alikoolewa na mtu wa bandarini. Alikula chapati zangu nne. Alipomaliza akanifuata mpaka chumba cha kufulia, akaona godoro.

"Unalala hapa?"

"Mashine ikinyamaza, nalala."

Akafunga mlango. Kwake kuna chumba cha msichana, akasema, chenye dirisha. Na Ijumaa ni yangu, asubuhi hadi jioni. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili. Niende nyumbani nikapumzike, yeye atanitumia visa ya Jeddah. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria kwa muda wa kugeuza chapati moja.

Woi, ile aibu! Kila nilipopita sebuleni nilisikia sauti yangu mwenyewe, kiuno nimeshika: sibanduki, sibanduki. Madam alipojua alisema Jeddah kuna joto na unyevu, nywele zangu zitaharibika. Kisha akasema mashine inaweza kuhamishwa. Miaka miwili haikuweza, leo imeota miguu! Bosi akaacha kupokea simu za dada yake. Lakini hao wote sikuwajali sana. Niliyemwogopa alikuwa mmoja.

Nilikaa naye kwenye zulia bila nguo za kukunja. "Mama," nikaanza, "mimi..."

"Uko korido," akasema. "Najua. Nimesikia miguu yako."

Nilikuwa nimempenda yule mama, nasema ukweli, na bado nilitaka dirisha. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

"Kilete kile kikombe," akasema.

Nikakimbia, nikamwaga vibanio, nikakisugua kikang'aa. Nikajua nimesamehewa. Akakipapasa, akaigusa picha kwa dole gumba, kisha akakirudisha mkononi mwangu. "Mchukue mwenzako. Wasaliti wasafiri pamoja."

Nililia kwenye ndege ya kurudi nyumbani mpaka mama mmoja wa Mombasa akanipa leso yake akaniambia niende nayo.

Visa ilipokuja nikaenda, na Jeddah dirisha lilikuwepo. Linatazama tangi la maji la jirani, lakini ni dirisha. Ijumaa zangu nilizipata. Mpira sikutazama tena. Kusimulia ukiwa peke yako ni wazimu.

Mwaka haukuisha, mama kabira akaja na familia nzima. Macho yake bado yalikuwa hayaoni. Nikasukuma chapati tangu asubuhi kama mtu anayefanya mtihani. Akaketi, akasema hana njaa. Nikamwekea chai kwenye kile kikombe, bila kusema kitu. Akakishika, dole gumba likatafuta picha, likaipata. Akakata kipande cha chapati, akachovya. Akala ya kwanza. Akala ya pili. Wote wanahesabu. Alipounyoosha mkono kwa ya tatu, bintiye akashindwa kujizuia, akapiga makofi: "Si niliwaambia atakula! Si niliwaambia!"

Mimi nikainua mikono miwili juu, viganja mbele.

Bosi akaangua kicheko. Madam akaficha mdomo kwa mtandio.

"Nini?" akauliza mama kabira. "Anafanya nini huyo?"

Hakuna aliyemjibu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikapiga magoti karibu naye. "Mama, nimeinua mikono."

Akatafuna mpaka akamaliza. Kisha mkono wake ukaja ukipapasa hewani, ukakipata kifundo changu pale pale pa zamani, ukakaza.

"Mnafiki," akasema. "Kama unasikitika, mbona umefunga?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye hakuniachia mpaka chai ikapoa.