Bangili Tatu Ndani ya Mashine

Mume wangu alizaliwa kwa wahunzi wa Mbozi, na ukikisema chuma vibaya ni kama umemtukania baba. Shaba aliidharau. Bangili zangu nne za shaba, alizoniachia marehemu mama, akaziita kengele za mbuzi kwa jinsi zilivyolia nikitembea.

Wakati huo wa Mwingereza kahawa yetu ilizaa kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na mashine kuukuu ya kumenyea, ya kuzungusha kwa mkono. Siku ya kwanza tu bushi yake ikavunjika, yaani ile pete ndogo ya shaba ambamo shafti ya chuma huzunguka.

"Mama watoto, shaba ni ya kuvaa, si ya kazi," akasema, akafua nyingine kwa chuma cha jembe bovu. Ilipendeza, simnyimi haki yake. Lakini kabla kikapu cha pili hakijaisha, chuma na chuma vikaanza kupiga kelele, vikapata moto, vikang'ang'aniana. Shafti ilitoka imechubuka. Kama ingeharibika, nyingine tungeitoa wapi? Na vikapu saba vya kahawa mbivu vilikuwa uani, vimeanza kunuka uchachu.

Nikapaka mkono sabuni, nikavua bangili tatu. Ya nne nilishindwa kuitoa, moyo ulikataa. Nililia, sioni haya kusema.

"Hizi ni za mama," akanong'ona.

"Mama angekuuliza unasubiri nini."

Alikuwa amezoea chuma, ambacho motoni kinalainika tu na bado kinadai nyundo. Akashangaa kuona shaba ikiyeyuka chunguni kama mafuta. Akaimimina kwenye kalibu ya udongo, akaichonga kwa tupa. Mashine ikazunguka kimya, tukamenya mpaka kikapu cha mwisho.

Miaka kadhaa baadaye akaifungua. Bushi ilikuwa imelika, nyembamba kama ukucha, lakini shafti haikuwa na mchubuko mpya hata mmoja. Akaigeuza geuza. "Kumbe ulaini wake ndiyo kazi yake," akasema polepole, "inalika yenyewe, chuma kinapona."

Bila kuambiwa nikachukua sabuni, nikaanza kupaka mkono wenye ile ya nne. Akaninyang'anya sabuni, akanimwagia maji, akanisafisha mwenyewe mpaka povu likaisha. Kesho yake akaenda Tunduma kwa miguu, kwa shemeji zake wanaovuka mpaka kununua shaba.

Alirudi na shaba ya bushi na bangili moja mpya, akanivisha kando ya ile ya mama.

"Moja hailii," akasema.