Siku tisa Pemba, na kamba yangu ya nguo

Wasee, nimepotea siku tisa na hakuna mtu ameuliza niko wapi.

Nilikuwa Pemba. Nimevuka kisiwa kizima kwa miguu, begi mgongoni, nikila muhogo mchana na jioni ili pesa isiishe.
Simu haikulia. Nikasema ni mtandao.
Leo nimefika nyumbani, mtaani Huruma, mtandao umejaa, na bado simu imenyamaza.

Nikapanda juu ya fleti kuanika nguo. Mnajua vile watu hupigania kamba Jumamosi.
Yangu ilikuwa tupu.

"Nilikushikia," akasema mama wa chumba cha pili. "Nimegombana na watu wiki nzima."
Hata jina langu hajui.

Nyinyi nani huwashikia kamba?

Mimi nilikuwa na nguo tatu tu. Nimezianika polepole, nusu saa nzima, yeye akiwa hapo.