Tumeshauriana

Shangazi yangu tulimwita Bi Breki, na hata gari hakuwa nalo. Alikuwa mkuu wa ukaguzi wa mabenki, na hata nyumbani, mtu akianza kujigamba kuhusu mradi mpya, yeye aliuliza tu, "Fedha za nani hizo?" Watu walinuna. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Ofisi yake ilikuwa chini ya wizara ileile iliyowabembeleza wawekezaji waje. Upuuzi mtupu, ukiniuliza mimi: anayemkaribisha mgeni ndiye huyohuyo wa kumpekua mifuko. Sheria ilimruhusu shangazi kuzuia benki isihamishe fedha nje "baada ya kushauriana na Waziri". Miaka nenda rudi, ofisi nzima ilisoma neno hilo kana kwamba ni kuomba ruhusa. Waliomtangulia walishauriana mpaka fedha zikaisha.

Kisha benki moja ya kigeni ikayumba, na wenye nayo wakaanza kuhamishia amana za wateja ng'ambo kimyakimya. Mama yangu, fundi cherehani, alikuwa ameweka humo akiba yake yote. Shangazi alimpigia Waziri mbele ya wasaidizi wake.

"Mheshimiwa, nataka kuwazuia leo."

"Dada yangu, usiniharibie. Ukiwagusa hawa, kesho na wengine wanafungasha virago. Vuta subira kwanza."

"Nimekusikia, mheshimiwa. Na wewe umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi tumeshauriana. Asante sana." Akakata simu, akatia saini amri ya kuzuia.

Mama akapata akiba yake. Alimkumbatia wifi yake pale mlangoni, akalia kwa furaha bila haya. Wenye benki wakahamia nchi jirani, wakapokewa kwa vifijo. Shangazi akahamishiwa maktaba ya wizara, na sheria ikarekebishwa haraka ajabu: "baada ya kushauriana na" ikafutwa, ikaandikwa "kwa kibali cha".

Juzi wale wale wamerudi kwa jina jipya, na riba yao inatamanisha. Mama alikuja kwa shangazi na kipeperushi chao mkononi, uso umemchangamka.

"Wifi, nataka kuweka humu. Sina wasiwasi, si upo?"

Shangazi alikishika kile kipeperushi, akakikunja, akakikunjua tena.

"Nipo, wifi yangu," akasema. "Nipo maktaba."