Kupitia kwa Muuguzi Mfawidhi

Nilisoma sentensi ile ya waraka mara tatu, nimesimama mbele ya meza ya ofisa utumishi, nikidhani nimeruka neno. Sikuwa nimeruka, imeandikwa: Mtumishi anayebadilishwa kada huanza katika daraja la mwanzo la kada mpya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili kazini katika kada ya wauguzi wa cheti, na stashahada mpya ndani ya bahasha, na stashahada hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inanirudisha mwanzo.

Ofisa hakuwa mkali. Alinieleza kwamba mshahara hautaguswa, ila daraja ndilo hilo. Kama silitaki, niandike barua ya kuomba kubaki nilipo. Nikamuuliza utaratibu huu ni wa tangu lini. Akasema ni wa zamani, mama, umo kwenye muundo wa utumishi.

Hilo liliniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma. Niliajiriwa na cheti tu, na nilipoamua kwamba siku moja nitakuwa mfawidhi, yaani msimamizi wa wauguzi wa kituo chetu cha afya, ambaye kazini tunamwita inchaji, niliandika hatua zote kwenye daftari la mraba: kurudia mtihani wa kemia wa kidato cha nne, kisha stashahada, kisha uongozi. Kemia nilijifundisha mwenyewe nyumbani Zinga, jedwali la elementi nimelibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mtihani niliufanya chumba kimoja na watoto wa majirani zangu. Nilisoma hata vitabu vya uongozi ambavyo hakuna aliyeniagiza. Waraka wa muundo ulining'inia kwenye msumari pale kituoni miaka yote hiyo, na sikuwahi kuufunua.

Nikaandika barua ya kubaki. Barua ya mtumishi haiendi yenyewe. Juu yake huandikwa K.K., kupitia kwa, halafu cheo cha mkubwa wako wa karibu. Nikaandika: K.K. Muuguzi Mfawidhi. Kalamu ikasimama. Mfawidhi wetu wa zamani alistaafu nilipokuwa masomoni, na kiti chake alikikalia binti niliyemfundisha mimi kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga. Yeye alikuja kazini na stashahada yake tayari.

Nilimkuta anahesabu chupa za chanjo. "Shikamoo mama," akasema, kama siku zote. Nikaitikia, nikampa barua. Akaisoma mpaka mwisho, na mimi nikasubiri mhuri.

"Mama, hii siipitishi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kazi yake ni kupitisha tu, uamuzi ni wa halmashauri. Akasema anajua. Ndipo nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba nikianza daraja la mwanzo nitakuwa chini yake.

"Kwani sasa hivi uko juu yangu?"

Alilisema taratibu, na nadhani lilimshtua yeye pia, maana aliinamia chupa zake akaanza kuzihesabu upya. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Akanieleza, bila kuniangalia, kwamba kwa kada yangu ya zamani ningestaafu bila kuukaribia ufawidhi, na kwamba kitakachoupoteza mpango wangu si ofisa wala yeye, bali barua hii.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema. "Mshipa unaanzwa chini, kwenye mgongo wa kiganja, ndipo unapanda."

Mimi nilikuwa nimesema hayo kuhusu mishipa tu.

Alinipa karatasi nyeupe. Nikatoka, nikaketi kwenye benchi kati ya akina mama wawili wa kijiji cha Makurunge wenye watoto, nikaandika kwamba naomba kubadilishwa kada. Nilipofika kwenye K.K. niliandika bila kuinua kalamu.

Akaisoma, akasaini, akagonga mhuri. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Mama, zamu yako imeanza dakika kumi zilizopita."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo.

"Samahani, inchaji," nikasema, nikaenda kunawa mikono.