Kibiriti Kwenye Mfuko wa Shati

Nikikumbuka jambo hili masikio yanawaka moto, lakini wenzangu wa Kamina wamekwisha kulisimulia kwa chumvi nyingi, basi afadhali mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Ilikuwa wakati wa Zaire, nasoma darasa la sita, na muuguzi wa zahanati, tuliyemwita mama muganga, alitangaza kwamba atakuja shuleni kupima wanafunzi wakubwa wote, macho, meno, na choo pia kwa sababu ya minyoo, kila mtu alete chake kidogo ndani ya mkebe wa tomato uliofunikwa kwa jani. Mimi na haya zangu (mimi ni yule anayezunguka nyuma ya nyumba asisalimiane na watu) nikajiuliza, nipite sokoni na mkebe mkononi, wasichana wakijua kilichomo? Nikachukua kibiriti kitupu cha baba, nikatia humo, nikakificha kwenye mfuko wa shati, nikajiona nina akili.

Kumbe siku ile ile direkta, mkuu wa shule yetu, naye alikuwa anapima tabia. Tukapanga mstari mbele ya bendera, akaanza kupapasa mifuko akitafuta bangi, na atakayekamatwa hafanyi mtihani wa mwisho. Na baba yangu, mtu wa reli, alikwisha kuniapia kwamba nikikosa cheti nitakwenda Kinkondja kukausha samaki kwa mjomba.

Mkono wa direkta ukasimama kifuani pangu.

"Weye mutoto, kibiriti ya nini? Unavuta?"

"Hapana, sitwayen direkta," nikajibu, maana wakati ule kila mkubwa aliitwa sitwayen, yaani raia.

"Iko nini ndani?"

"Iko... iko ya mama muganga."

"Mama muganga njo anakupatia bangi?"

Mstari mzima ukacheka. Monga, rafiki yangu, akanong'ona nyuma yangu, "Sema tu, ndugu, batakufukuza!" Nilitaka kusema, lakini neno lile, mbele ya wasichana wale, halikutamkika, nikaikodolea macho bendera, na kadiri nilivyoikodolea ndivyo direkta alivyozidi kuamini kwamba amenikamata. Akakitoa kibiriti, akakifungua, akainamisha pua kabisa (bangi hutambulika kwa harufu).

Direkta alirudi nyuma, akatazama vidole vyake.

Mama muganga akaita kutoka mlango wa darasa alimokuwa akipimia, "Sitwayen direkta, ile iko yangu! Leta hapa!"

Hapo shule nzima ikaanguka chini kwa kicheko.

Mtihani nilifanya, cheti ninacho, minyoo pia nilikuwa nayo. Lakini jina langu likawa Kibiriti, na nimeapa kibiriti hakitaingia tena mfukoni mwangu. Mtu akiniomba moto namwonyesha mbabula ya mama, lile jiko la makaa, achote kaa mwenyewe.