Ruhusa ya Lipa

Kwetu Wayahudi wa Brooklyn, aliyefiwa na mzazi hasikilizi muziki mwaka mzima. Lakini mpiga muziki hawezi kufa njaa kwa ajili ya matanga, kwa hiyo harusini huruhusiwa kupiga, maana ndiyo riziki yake. Lipa Zaltsman alimzika baba yake, na wiki ya pili alikuwa jukwaani na klarineti, akiwachezesha maharusi wa watu huku macho yake mekundu. Miaka thelathini ya kazi hiyo imemchakaza.

Tatizo lilikuwa bendi yetu. Tunachukua klezma, ngoma ya harusi ya babu zetu, tunaikoroga na jazi na makelele mengine ambayo mke wa Lipa, Gitl, huyaita mlango uliokosa mafuta. Mimi napiga besi, na siku nyingine namuunga mkono Gitl. Bendi hailipi hata nauli. Onyesho letu la kwanza baada ya miaka miwili lilishatangazwa, na bila Lipa hakuna onyesho.

Mwezi wa tano wa matanga nikamsindikiza kwa Rabi Fishl, kiongozi wetu wa dini, kuomba ruhusa. Mzee alimuuliza kama bendi inamlisha. Lipa si mtu wa kudanganya, akasema hapana. Nikajua tumekwisha.

"Basi unapiga kwa raha yako," rabi akasema. "Na raha ndiyo iliyokatazwa, mwanangu."

Lipa aliangalia viatu vyake. "Raha ipi, Rabi? Iliniishia zamani. Napiga kwa mazoea tu."

Rabi akamwambia, kama raha haipo, basi akapige. Njiani nilimtania kwamba ameshinda kesi. Papo hapo nikaona aibu. Ruhusa ile ilikuwa msiba wa pili.

Jumapili mchana tulipiga mbele ya watu arobaini. Wimbo wa tatu baba yake alikuwa akiuimba jikoni, akimenya viazi. Lipa aliuvunjavunja, akauunga ovyo, halafu klarineti ikalia vile ambavyo sijaisikia miaka kumi. Uso wake ukafunguka. Ghafla akaishusha mapajani.

Watu walidhani ndiyo usasa wenyewe, wakapiga makofi. Nikainama kumuuliza kama anaumwa.

"Imerudi, bwana," akaninong'oneza, machozi yakimtoka. "Nilimwambia rabi haipo, kumbe ipo. Siwezi kuendelea."

"Sasa sisi tufanyeje?"

"Imebaki miezi saba. Nisubirini."

Tukamalizia bila yeye, vibaya mno. Yeye alitoka nje, maana hata kusikiliza haruhusiwi. Nilimwona kupitia kioo, amesimama kando ya barabara, amejiziba masikio kwa mikono yote miwili.